Jabali Juu ya Nyumba ya Bibi

Mtaa wa Mlimani,
Igoma, Mwanza.
14 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Mihayo,

Shikamoo. Vipi afya yako huko Masasi, na Mama Ngosha na watoto? Nasikia korosho zimekunenepesha, tumbo linaingia mlangoni kabla yako. Sisi tunapumua. Simu yako haipatikani, ndiyo maana unapata taabu na mwandiko wa mtu aliyekimbia shule kidato cha pili.

Mjomba, Igoma siyo ile uliyoiacha. Bondeni zimesimama nyumba za bei nafuu za mradi, bomba ndani, choo ndani. Bibi kapewa yake, vyumba viwili. Na kokoto nimepasua mimi! Tunachoma matairi juu ya jabali, likishapata moto tunalimwagia maji, linalia paa! Mlima mzima hakuna fundi wa moto kama mimi, waulize.

Sasa kinachoninyima raha. Lile jabali kubwa juu ya nyumba ya zamani ya Bibi, huku mlimani, limepata ufa. Tumeacha kuchoma, lakini mvua zimeanza na ufa unapanuka. Jana mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mbele za watu nilicheka. Usiku nililala na viatu.

Bibi hataki kuhama. Babu yuko pale kaburini nyuma ya jiko, na hawezi kuachwa bila kuagwa. Wa kumuaga ni mtoto wake wa kiume, yaani wewe. Nikajitia mjanja, nikamwaga togwa kaburini, nikamwambia Babu tunahama. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe mume wangu mdogo! Mjukuu si mtani wa babu? Anajua unamtania tu. Atabaki hapa ananisubiri."

Mwenyekiti wa mtaa naye kambembeleza, wapi! Siku hizi mbuzi akikwaruza bati nadhani jabali ndiyo linashuka.

Nimehamia kwa Bibi. Najua mgongo wangu hauzuii jiwe, hata kama mabinti wa Nyakato wanausifia. Ila siwezi kumwacha peke yake chini ya lile dude.

Njoo, Mjomba. Panda basi lolote, hata na kandambili. Sema maneno yako mawili pale kaburini, kitanda cha Bibi nitakibeba mwenyewe nikikimbia. Ukichelewa, ujue chini ya jabali tuko wawili.

Wasalimie Mama Ngosha, Selina na Dorotea. Mungu aishike mvua mpaka ufike.

Mpwa wako akupendaye,
Maige