Treni ya Kipande cha Nne

Jumatatu, 3 Machi
Reli za treni ya kuchezea zimekimeza chumba cha wageni! Baba mkwe, aliyeongoza taa za reli miaka thelathini, leo nimemkabidhi kompyuta inayoziongoza. Nimemweleza: njia ina vipande sita. Injini ikinyonya umeme kwenye kipande, kifaa kinahisi, taa nyekundu inawaka.
"Kwa hiyo taa haidanganyi."
Haidanganyi, Baba. Mdomo wangu huu!
Mume wangu kapita mlangoni kimya. Hajasemeshana na baba yake tangu mzee ahamie kwetu, mwezi wa tisa. Hata chumvi wanaombana kupitia kwangu.

Jumanne, 4 Machi
Kipande cha nne chekundu. Na hakuna kitu! Ni chai yangu — niliimwaga relini asubuhi, nikafuta juujuu, nikanyamaza. Unyevu unapitisha umeme kidogo, kifaa kinadhani ni injini.
Nikamwambia Baba ni hitilafu tu, apitishe treni. Kanitazama kana kwamba mimi ni muuaji.

Jumatano, 5 Machi
Treni bado iko stesheni. Baba kavaa kofia ya kazi, kagoma kula mpaka njia iwe wazi. Mume wangu: kamwambie hiyo ni midoli. Baba: kamwambie mwanangu abiria wameshaarifiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Baba alipoingia kuoga, nikakausha reli kwa drai ya nywele. Taa ikazimika. Karudi, taulo begani.
"Imeenda wapi?"
Nini, Baba?
"Treni iliyokuwa cha nne. Haikupita cha tano. Haikurudi cha tatu."
Nikaificha drai nyuma ya mgongo.

Ijumaa, 7 Machi
Baba kafunga mlango wa nje! Hatoki mtu mpaka treni ipatikane. Mume wangu ana kikao saa tatu. Kamfokea baba yake — uso kwa uso, mara ya kwanza!
"Baba, hakuna treni!"
"Umetazama chini ya kabati?"
"Sijatazama."
"Basi unajuaje?"
Mume wangu kavua koti.
Sasa ni saa nne kasoro. Naandika nimekaa kitandani. Mume wangu kalala kifudifudi mbele ya kabati, tai imejaa vumbi, baba yake anammulikia tochi. Wanabishana kuhusu breki za treni kama watu waliozoeana. Nimefungua kinywa niungame habari ya chai —
Kipande cha pili kimewaka! Na hapo sijamwaga kitu, naapa!
"Baba! Imetokea!" Huyo ni mume wangu.
"Naiona. Ondoa mguu njiani, mwanangu."
Kauondoa. Upesi. Sasa wote wawili wamenigeukia, wanauliza kama nimekaa upande salama —