Waya wa Yona

Jumapili, 2 Mei 1954
Baada ya ibada nimegeuza kola zilizochakaa za mashati mawili barazani kwenye duka la Bwana Habibu. Najua ni Jumapili. Njaa haina Jumapili. Redio yake ya betri iko juu ya kaunta inasema Kibemba kutoka Lusaka, kama kawaida. Zikaja nyimbo za watu wa migodini. Sindano ikaniingia kidoleni. Anayeimba ni Yona, mdogo wangu. Habari za kifo chake tulizipata mwezi uliopita: baruti ililipuka kabla ya wakati, wakamzika hukohuko kwenye machimbo ya shaba. Mtangazaji alisema wimbo huo watauweka tena kila Jumapili; hakusema kuwa mwimbaji amekufa. Pengine hajui.

Jumatatu, 3 Mei
Nimemwambia Mama. Hakushtuka. Anasema basi yuko hai, maiti haimbi. Tangu tupate habari hajatoa chozi, maana hakuona maiti wala kaburi. Na mama asipolia, matanga hayaanuliwi. Ugali anausukuma tu. Mabega yamebaki mifupa. Naogopa atamfuata. Labda akimsikia atalia. Labda atazidi kukataa.

Alhamisi, 6 Mei
Mama aliyefiwa na mtoto hatoki nje mpaka matanga yaanuliwe. Na shangazi Nakamba, dada wa marehemu baba, hataki redio ndani ya nyumba ya msiba. Nimebishana naye hadi koo likakauka. Mwisho nikamuuliza: redio ikibaki dukani, ukaingia waya tu? Akafikiri. Akasema waya si redio. Shangazi huyu angefaa kuwa hakimu. Bwana Habibu amenipa spika kuukuu. Waya nitafute mwenyewe. Kati ya duka na nyumba yetu kuna shamba zima la mihogo.

Jumapili, 9 Mei
Nimetumia waya wa fensi. Chuma. Sauti ilifika imechoka, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema huyo ni mtu tu anaimba, si mwanangu. Akageukia ukuta. Nilitamani kuivunja ile spika. Bwana Habibu anasema chuma kinakula sauti, nitafute shaba. Yeye anayo, waya wa kengele, kipande kisichofika hata katikati ya mihogo.

Jumatano, 12 Mei
Shaba ipo. Iko chini ya kitanda changu tangu Silwamba, mwenzake Yona wa kazini, alipotuletea sanduku lake. Shati, kofia ya kazi, na waya mrefu uliozungushwa, wa kulipulia baruti. Nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, shaba tupu ndani ya mpira. Urefu unatosha na kubaki. Lakini mali ya marehemu haiguswi kabla ya matanga kuanuliwa. Anayeigusa, mwenyewe huja kuidai. Mimi nimebatizwa, naimba kwaya. Na bado sanduku nimelifunika kwa gunia.

Jumamosi, 15 Mei
Mama hajala tangu jana. Nimefungua sanduku. Harufu yake ileile, sabuni na moshi. Nikasema kwa sauti, Yona, naazima. Nikajiona mjinga. Nimeupitisha waya kutoka dukani juu ya mihogo, kisha juu ya miti ya ua, mpaka kwenye spika. Maji nimeyavulia nguo. Mikono inanuka mpira, nimeinawa hata kwa majivu.

Jumapili, 16 Mei
Sauti imekuja nzima. Kabla ya neno la kwanza alivuta pumzi. Ile pumzi sikuwa nimeisikia, si dukani, si kwenye waya wa chuma. Ndefu, inakwaruza, na ndani yake kikohozi alichokimeza. Mama akashika ukuta.
"Kifua hicho hakuondoka nacho," akasema. "Wamemjaza vumbi mwanangu."
Kisha akalia. Alilia wimbo mzima na baada ya wimbo. Shangazi akaja mbio, wanawake wakajaa. Hakuna aliyeuliza waya umetoka wapi. Jioni Mama amekula. Mimi nimelia nyuma ya zizi, peke yangu, mpaka mbuzi wakanishangaa.

Jumanne, 18 Mei
Betri ya Bwana Habibu imekwisha tangu jana. Redio ni bubu. Mama anasema asubuhi, akichambua maharage, Yona amevuta pumzi kwenye spika. Nimemwambia ni upepo kwenye waya. Nikatoka kutazama. Majani ya mihogo yalikuwa yametulia, hakuna hata moja linalotikisika. Naogopa. Niandike tu kama ilivyo: naogopa.

Jumamosi, 29 Mei
Matanga yameanuliwa. Nywele zimenyolewa, togwa imenywewa. Mali ikagawanywa. Shati kwa Silwamba, kofia kwa mjomba. Shangazi akaufuata waya kwa macho, kutoka uani hadi ukutani, akanitazama sana. Akasema aliyekwisha kuuchukua, uwe wake.
Nimeuteremsha, nimeuzungusha, nimeufungia sandukuni. Spika imebaki ukutani, haina kitu nyuma yake.
Jua likiinama nikampelekea Mama chai. Akaniashiria nikae. Tukakaa tunaitazama spika. Nikaisikia ile pumzi. Ndefu, inakwaruza, ya mtu anayetaka kuanza kuimba. Nikamtazama Mama. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwamba ndiyo, na yeye ameisikia. Tukangoja wimbo. Haukuja. Nikamwongezea chai.