Mgonjwa wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Busia, Kenya
3 Machi 2025

Shemeji Juliet,

Hujambo? Watoto wameamkaje? Sisi huku tu wazima, ila mvua imekataa kunyesha. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu Syprose, anayekuja kuuza nyanya soko la Tororo.

Vitabu ishirini vya mchezo wako mpya vimefika. Kikundi changu cha Jumamosi kilivisubiri tangu mumeo Allan atuache. Michezo aliyoiandika yeye waliicheza hadi kurasa zikachanika: kila mtu anajipa jina na maisha, mimi nasimulia, dadu inaamua. Lakini huu wako umewashinda. Wanavuka mpaka na mgonjwa, wanahangaika kutafuta gari, wanatafuta damu, halafu ukurasa wa kumi na nne unasema mgonjwa anakufa, dadu ianguke vyovyote. Trevor alifunga kitabu akasema, "Sasa dadu tunaitupa ya nini?"

Naomba ruhusa tubadilishe hapo.

Shemeji yako,
Chrispinus


Tororo, Uganda
11 Machi 2025

Shemeji,

Salamu zimefika. Watoto wanakula, wanakwenda shule. Mimi niko.

Usibadilishe. Nimeandika vile ilikuwa. Gari tulipata, damu tulipata, na kaka yako alikufa. Kama hawataki, rudisha vitabu.

Shemeji yako,
Juliet


Busia, Kenya
2 Juni 2025

Shemeji,

U hali gani? Watoto je? Nimenyamaza kwa sababu nimekukosea. Tulibadilisha. Tulisema dadu ikitoa sita, mgonjwa anapona.

Jumamosi ya kwanza alikufa. Ya pili akafa. Juzi Carol alitupa, ikatoka sita. Watu wazima walilia, Juliet. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko mpaka wakaja kuniita.

Alikuwa kaka yangu pia.

Kikundi cha Malaba kimeomba vitabu thelathini, lakini wanataka sheria yetu iwemo. Vitabu ni vyako. Amua wewe.

Shemeji yako,
Chrispinus


Tororo, Uganda
30 Julai 2025

Shemeji,

Natumaini huko wote mko salama. Watoto bado wanakwenda shule.

Nilisoma barua yako nikaiweka. Sikukasirika, sikufurahi. Siku hizi ni hivyo kwa kila kitu. Chai nakunywa mpaka iishe, ndipo najua ilikuwa baridi.

Jumatatu nilikwenda kwa mpiga chapa, nikamwambia afute mstari ule, aweke sita yenu. Akauliza, "Una hakika, mama?"

Nikamwambia, "Wewe chapa."

Allan aliwauliza madaktari mpaka siku ya mwisho kama bado kuna nafasi. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuuliza. Sijamwambia mtu hilo.

Nakuja Jumamosi na vitabu vya Malaba. Usiwaambie watu mimi ni nani. Nitafutie jina na maisha ya kucheza, ya mtu yeyote tu. Asiwe mjane.

Shemeji yako,
Juliet