Kisima Tulichochimba Wakati wa Mvua

Papa Ilunga,

Ninaogopa. Nianze hapo hapo, kwa sababu ulikuwa unasema sisi watu wa Kasai tukitaka kuomba chumvi tunaanza kwanza na habari za babu. Leo sizunguki. Kesho asubuhi ninatakiwa kushuka kisimani, na tangu tulipokuzika sijashuka hata mara moja.

Ni kisima cha Mama Feza, kule nyuma ya hoteli ya Karavia. Kile tulichochimba mwezi wa pili, mvua ikitunyeshea mgongoni. Kimekauka, Papa. Ulisema kitakauka, na kimekauka.

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, nimekaa uani na daftari la shule la binti yangu, wengine ndani wanakula. Mimi bukari, ugali wetu, sijaigusa. Mke wangu amenichungulia mara mbili kisha akaniacha, maana anajua ninamwandikia nani.

Tangu mwezi wa tano, ulipotuacha, ninaishi kwa kazi za juu juu. Najenga kuta za midomo ya visima, nabadilisha kamba, natengeneza vifuniko. Mtu akinipigia simu kutaka nichimbe, namwambia mgongo unauma. Mgongo wangu hauna neno lolote. Ni kwamba nikiinama juu ya shimo na kuona giza lile, narudi nyuma hatua mbili. Wewe miaka yote ulishuka chini ya ardhi na kupanda mzima, kisha ukaja kufa huku juu, kwenye kiti, ukimsubiri mkeo, Mama Numbi, akuletee maji ya kunawa kabla ya kula. Nimelifikiria sana hilo. Kama kwenye kiti nako si salama, chini kutakuwaje?

Na bado nina hasira nawe. Niseme, maana sasa huwezi kunirushia kofia. Siku ya kwanza kabisa uliponichukua kazini ulinifundisha: "Kisima ni ya mwezi wa kumi. Ule wakati udongo iko na kiu. Ukipata maji pale, ni maji ya kweli. Maji ya mwezi wa pili ni ya bongo, inakudanganya." Kila mchimbaji wa Lubumbashi anaijua sheria hiyo. Ukichimba wakati wa mvua, maji yanakuja haraka, karibu na juu, watu wanapiga vigelegele, na kiangazi kikifika ndoo inagonga udongo mkavu. Halafu jina la nani linaharibika? La mchimbaji.

Lakini Mama Feza alikuja na mjukuu mgongoni na dumu tupu mkononi. Binti yake alikuwa amejifungua wiki ile, bomba la mtaa limekufa, wanachota kwenye kijito ambako watu wanaoshea pikipiki. Nilikukonyeza. Nikakuvuta kando, nikakukumbusha maneno yako mwenyewe. Ulinitazama kama mtu aliyesahau jina langu, ukasema, "Mutoto mwenye iko na kiu leo, utamwambia angoje mwezi wa kumi?" Kisha ukamgeukia mama yule ukamweleza ukweli wote: "Mama, hii maji itaenda. Kiangazi tutarudi, tutachimba tena chini." Akakubali. Siku ya nne maji yakatoka, akacheza kwenye tope na sahani ya mboga ya sombe mkononi.

Tutarudi! Halafu ukafa. Ulimwachia nani kurudi?

Mama Feza alikuja kwangu juzi. Afadhali angenitukana. Alisimama mlangoni, akanipa pole ya msiba upya, akauliza watoto, ndipo akasema, "Papa Ilunga alisema mutarudi. Naona mvua iko karibu. Nakuya tu kukumbusha." Kisha akaenda zake. Mawingu yameanza kukusanyika, Papa. Mvua ikitangulia, kuta zitalainika na hakuna mwenye akili atakayeshuka mle mpaka mwaka kesho. Ni wiki hii au basi, na ile kaya yote itakunywa maji ya kijito mpaka mvua ishike vizuri.

Kisima kilichokauka unakijua kuliko mimi. Hewa mbaya inalala chini, haina harufu, mtu anainama kuokota sururu na hainuki. Mimi nina watoto watatu. Hayo peke yake yangetosha kunikosesha hamu ya kula. Lakini si hayo. Ni wimbo.

Wachimbaji wenzetu walitucheka, wakatuita kwaya ya panya. Hakuna kanisa lenye wimbo ule, uliutunga mwenyewe, na haukuwa na mistari zaidi ya miwili. Aliye juu anaimba, "Uko na nani?" Aliye chini anaitikia, "Niko na Bwana," na sururu inapiga hapo hapo. Kutwa nzima hivyo, mpaka mtaa mzima unachoka. Na sheria yake: "Wimbo ikikatika, vuta. Usiulize." Unakumbuka siku ile nilinyamaza kidogo tu ili nipige chafya? Nilijikuta niko juu, viwiko vimechubuka, nakufokea. Nawe ukanijibu bila hata kucheka, "Ukinyamaza, kwangu umekufa."

Sasa nikuambie la makaburini, kwa sababu watu wote walikuwepo na hakuna anayelitaja mbele yangu. Niliomba mimi mwenyewe kushika kamba moja ya kushushia jeneza. Nilisema hii ndiyo kazi yetu, siwezi kuwaachia wengine. Kamba ikaanza kupita mikononi, udongo mwekundu ukadondoka pembeni, na mdomo wangu, Papa, mdomo tu, wala sikuutuma, ukaimba, "Uko na nani?"

Kimya.

Basi mikono ikavuta. Naapa sikufikiri. Miaka kumi na miwili umeifundisha mikono hii kuvuta kukiwa kimya, ikavuta. Jeneza likalala upande, wanawake wakapiga yowe, mchungaji akanishika mabega, mtu akaninyang'anya kamba. Wakasema huzuni imenizidi. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nafanya kazi.

Tangu siku hiyo siimbi. Kanisani nasimama na kitabu kimefunguka, mdomo umefungwa. Hata kuomba naomba kwa kifupi, kama mtu anayebisha mlango huku ameshageuka kuondoka. Ninachoogopa ni hiki: kwamba niliuliza, na hakukuwa na jibu, kwa sababu hakuna jibu. Kwamba miaka yote ile mimi na wewe tulikuwa watu wawili na shimo, tukipigiana kelele ili tusiogope. Na mtu asiyeweza kuitikia hawezi kushuka. Hiyo ni sheria yako.

Ngoja, Mama Numbi anaingia na sahani.

Ameondoka sasa hivi. Mkeo amekonda, lakini anakula. Bado amevaa nguo za msiba. Ameweka sahani chini na kuniuliza, "Kesho nani ataimba ku juu?" Nikamwambia hakuna wa kuimba, vijana wawili wa Mama Feza watashika kamba, mimi nitakuwa naivuta mara kwa mara wajue niko hai. Akasema, "Mi mwenyewe njo nitaimba."

Papa, unaijua sauti ya mkeo. Wewe ndiye uliyesema akianza zaburi, kuku wa jirani wanakwenda kulala. Nilijizuia nikashindwa, nikacheka, naye akacheka, na tulipocheka ndipo tukalia. Alipomaliza kujifuta akaniambia jambo ambalo sikulijua. "Siku ile ku kaburi, uliuliza. Mi nilijibu. Nilisema: iko na Bwana. Haukusikia juu ya kilio ya bantu."

Kisha akaniamuru nile.

Ni Jumatatu, jioni, jua bado lipo. Niko hai, na wewe huandikiwi na mzimu mwenzio.

Nilianza na mshumaa kwenye kopo wa kupima hewa, kama ulivyonifundisha, mmoja wa ile mishumaa ya Pasaka uliyokuwa unaiomba kanisani ikibaki. Niliushusha. Ulipita katikati ya kisima, ukafifia, ukazimika. Miguu yangu iliniambia turudi nyumbani na nikakubaliana nayo kabisa. Mama Numbi akanionyesha mti uliokuwa karibu. Tukakata tawi lenye majani mengi, tukalifunga kwenye kamba, tukalipandisha na kulishusha kuchochea hewa, tukamwaga maji kutoka juu, maji ambayo Mama Feza aliyachota kijitoni, nikaona aibu kuyamwaga. Mshumaa wa pili ukafika chini ukafa. Wa tatu ukawaka mpaka tukauchoka.

Nikaingia. Vile vishimo vya kukanyagia ulivyovichonga ukutani bado vipo, vimekaa kwa kipimo cha miguu yako mifupi, magoti yangu yakawa yanagonga kidevu. Nilitetemeka kiasi kwamba vijana wa juu waliuliza ni nini kinachotikisa kamba. Nilipofika mahali mwanga unapokuwa mdogo kama sahani, Mama Numbi akaanza. "Uko na nani?" Sauti ile ile, Papa, imepinda kama msumari wa zamani.

Sikuweza. Nilifungua mdomo, ukaingia udongo.

Akapiga kelele, "Muvute!" Hakuuliza. Wale vijana wana nguvu, nilipanda urefu wa mkono mmoja na nusu, bega likakwaruza ukuta, nikaona wataniangushia kisima chote. Ndipo nikaitikia, "Niko na Bwana! Niko na Bwana, muache!" Nakiri mbele yako: mara ya kwanza nilisema ili wasinivute. Hakukuwa na imani humo, kulikuwa na bega. Mara ya pili nilisema kwa sababu mjane wako ameuliza na nisingeweza kumwacha bila jibu tena. Ya tatu, ya kumi, sikumbuki. Sijui ni mara ya ngapi nilipogundua kwamba simjibu Mama Numbi peke yake, na kwamba sipigi kelele.

Woga haukuondoka. Nilidhani ukiamini, woga unaondoka, na kwa kuwa mimi wangu haukuondoka nilidhani siamini. Kumbe hata wewe uliogopa, siyo? Mtu asiyeogopa hatungi wimbo kama ule. Ulimweka Bwana mahali ambapo ungemhitaji kila pigo la sururu, si Jumapili tu. Hilo nimelielewa leo, nikiwa nimechuchumaa chini, jasho linaniingia machoni.

Vishimo vyako viliishia pale tulipoyapata maji yale ya mwezi wa pili. Chini yake hakuna kitu, ni ukuta mtupu. Mguu wangu ulining'inia hewani. Kisha nikachonga kimoja, nikachonga cha pili upande wa pili, na nikavichonga kwa kipimo chako. Usiniulize kwa nini, magoti yangu ndiyo yaliyoumia.

Maji hayajatoka. Nimeongeza karibu urefu wangu na udongo ni mgumu. Lakini ndoo za mwisho zilipanda nzito, na ule udongo wa chini ni baridi, Papa. Niliuweka shavuni. Mama Feza alichovya vidole kwenye ndoo, akavisugua, akampa mjukuu wake auguse. Hakupiga vigelegele safari hii. Alisema tu, "Kumbe mulirudi kweli," na akaenda kupika.

Kesho nitashuka tena, na ninaogopa tena. Mama Numbi amekunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya koo lake, Mungu awasaidie majirani.

Sasa niage. Nitachimba mwezi wa kumi kama ulivyonifundisha. Na akija mtu mwezi wa pili na mtoto mgongoni, nitachimba pia, nitamwambia wazi kwamba yale maji yataondoka, na kiangazi kikifika nitakuwa mlangoni kwake kabla hajaja kunikumbusha. Jina langu likiharibika, liharibike karibu na lako.

Pumzika, Papa. Siku moja moja, nikipita makaburini na kamba begani, mdomo huu utakuuliza tena, maana umeuzoeza vibaya. Usihangaike kujibu. Najua uko na nani. Sitavuta.

Mutoto wako,
Mutombo