Kaka Ndiye Mwimbaji, Lakini Ukumbi Unanitaka Mimi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka kichwa kimechoka, ndiyo maana nakuletea wewe. Mimi ni msichana niliye kwenye bendi ya roki, naam, roki, ile mnayoiita kelele, na tuko watatu: kaka yangu anayeimba na kupiga gitaa, rafiki yake tunayemwita Twiga kwa urefu wake, huyo yuko kwenye besi, na mimi nyuma yao na ngoma. Kaka ni fundi wa kuchomelea, bendi aliianzisha yeye, na mazoezi tunafanyia kwenye karakana yake jioni akishafunga kazi, tunasogeza mageti na madirisha ambayo wenyewe hawajayachukua, tunapanga spika, na hata kigoda ninachokalia nikipiga ngoma alikichomelea yeye, tena ndiye aliyenifundisha kushika mapigo nikiwa bado navaa sare ya shule.

Basi tukapata nafasi ya kufungua onyesho kwenye ukumbi mkubwa, hatujawahi kupata bahati kama hiyo, na siku ya kujaribu vyombo kaka alikuwa nje akihangaika na waya uliokatika, fundi mitambo akaniambia, "Dada, hebu imba kidogo nisikie hicho kipaza sauti," nikaimba wimbo wetu alioutunga kaka, Shangazi, nikauimba kwa koo langu lote, na nilipofumbua macho wafagiaji walikuwa wamesimama na mafagio yao, na mwenye ukumbi ameshuka kutoka ofisini, anasema, "Jumamosi anaimba huyu, la sivyo nafasi nawapa wengine." Kaka alikuwa amesimama mlangoni, waya mkononi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?" nikageukia ngoma zangu kana kwamba sijasikia.

Tangu hapo gitaa halijatoka kwenye mfuko wake, sisi tukifika karakana anatuachia funguo anakwenda zake, nyumbani tunapishana kama wapangaji, mama anasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, usisahau nani aliyekufikisha hapo," Twiga naye anasema tutafute mpiga gitaa mwingine maisha yaendelee. Na nisikudanganye, najua naimba kumshinda kaka, nimejua kitambo, kwenye viitikio nilikuwa nabana sauti makusudi nisimfunike. Sasa Shangazi, nikatae kuimba ili nimrudishe kaka, au niimbe nimpoteze?

Mpiga Ngoma

Marahaba, Mpiga Ngoma. Kelele usinihofie, mimi nimelea wavulana.

Kwanza lifute hilo neno "nikatae". Utaimba. Mwenye ukumbi hana undugu na wewe wala hakukuhurumia. Alisikia kitu, akashuka ngazi. Najua inauma kumpita mtu aliyekushika mkono, tena mtu unayempenda, na sikucheki kwa hilo.

Lakini nikugombeze kidogo. Unadhani kaka yako ameumizwa na sauti yako? Ameumizwa kugundua kwamba muda wote huo ulikuwa unamhurumia kimyakimya, ndani ya bendi yake mwenyewe, ndani ya karakana yake mwenyewe. Wewe uliita heshima. Yeye anajiona kama mtoto aliyeachiwa ashinde mbio. Kisha akakuuliza swali, swali la haki kabisa, ukanyamaza! Mimi mtu baki umenimwagia yote haya, yeye wa tumbo moja hujampa hata sentensi. Mficha uchi hazai, binti.

Mama yako mheshimu, ila methali ameishika kwa mkia. Wewe tembo ulikuwa unalitia maji kabla hata hujasifiwa, kila ulipobana hilo koo. Siku ile ukumbini ndipo ulipoacha. Na Twiga mwambie akaze nyuzi za besi yake, ya ndugu awaachie ndugu.

Sasa nisikilize. Usimngoje jioni, maana jioni ndipo anapotoroka. Nenda karakana kesho asubuhi kabla hajawasha mashine, wala usiende kuomba radhi kwa kuwa na sauti. Mwambie, "Kaka, nilikuwa nabana kwa sababu niliogopa kukuumiza, na hapo nilikosea. Jumamosi naimba mimi. Gitaa nalitaka lako." Kisha mpe kazi, maana fundi hukaa sawa akipewa kazi: sauti yako iko juu kuliko yake, wimbo mzima inabidi aupandishe kwenye gitaa, na mgeni wa kuokoteza hawezi kuujua wimbo huo kama aliyeutunga. Ukishasema, nyamaza. Mwache akasirike mbele yako, si mgongoni kwako.

Akikubali, fanyeni mazoezi siku hiyohiyo. Akikataa, usimlilie wala usitafute wa kumziba. Panda jukwaani na Twiga, besi na ngoma zitaubeba wimbo, na upande wake wa jukwaa muuache wazi, na spika yake iwe imewashwa.