Majibu Niliyomfundisha Swadiki

Koboko,
12/6/2024

Mpendwa kaka Siraji,

Assalaam aleikum. Hali yako huko Kisumu? Wifi Shamirah kifua kimepoa? Sisi tuko wazima, ila mama bado anampakulia Swadiki sahani yake, halafu anakaa kuitazama.

Nimesikia umemshtaki nesi Drateru kwa kifo cha mdogo wetu. Tafadhali nisome mpaka mwisho.

Swadiki alipoanguka kutoka kwenye lori kule Oraba, akapasuliwa kichwa hospitalini Arua, mimi ndiye niliyekaa naye wodini. Kila saa Drateru alikuja na tochi na karatasi. Anamulika macho, anabonyeza ukucha, anauliza: jina lako nani, uko wapi, huu mwezi gani? Nikimjibia mgonjwa, ananicheka: "Dada, kichwa yako wewe iko mzima. Wacha yeye aseme."

Niliona anaandika alama. Nikadhani zikishuka watampasua tena. Basi nikamfundisha majibu, kama nilivyokuwa nikimsikiliza sura zake za Kurani utotoni kabla hajaenda madrasa. Akayakariri.

Alhamisi asubuhi alianza kujibu kabla ya kuulizwa. Macho ukutani, sauti kama redio ya chumba cha pili: "Swadiki. Arua. Mwezi wa tano." Kisha tena, na tena. Nami nikafurahi, kaka. Drateru alikuja, akauliza, akajibiwa sawasawa, akaandika.

Saa nne akabadilisha swali. Akaninyooshea kidole: "Na huyu nani?"

Swadiki alinitazama. "Arua," akasema.

Drateru akanigeukia. "Dada, umemfundisha?"

"Hapana," nikasema.

Hata hivyo alikimbia kumwita daktari. Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, midomo yake ilikuwa bado inayataja yale matatu, bila sauti. Alasiri alifariki. Daktari alisema damu ilikuwa ikikusanyika kichwani tangu alfajiri.

Drateru alikuja msibani, akakaa nasi jikoni kumenya mihogo. Hakunitaja kwa mtu. Sasa amesimamishwa kazi, kwa sababu karatasi yake inaonyesha majibu kamili tangu alfajiri mpaka saa nne, nao wanadhani aliyabuni. Majibu yale ni yangu.

Jumatatu nitakwenda Arua niwaambie wakubwa wake. Mama nitamwambia kabla sijatoka nyumbani. Wewe nimekuandikia kwanza, maana kwako ndiko ninakoogopa zaidi.

Msalimie wifi, na mjomba Sulaiti. Mungu amrehemu Swadiki, akupe na wewe subira ya kunisikia.

Dada yako akupendaye, hata ukinyamaza,

Madinah