Robo Mzunguko

Mpendwa mdogo wangu Awino,

Usishtuke kupata barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye kwenye simu huongea dakika mbili kisha anasema kredo imeisha. Kredo haikuwa imeisha. Huwa nakata kwa sababu tukishamaliza kuulizana habari za nyanya yetu na mvua, unabaki ukimya fulani ambao siuwezi, nami nakimbia. Leo nimekaa kibandani kwangu hapa Suna, nimefunga mlango mchana kweupe, wateja wanapiga hodi na mimi nawaacha wapige. Nina jambo moja tu la kukuambia, ila siwezi kulifikia bila kwanza kupita kwenye lile banda la tumbaku la baba.

Unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Mzee alipoacha kulima tumbaku alitaka kulibomoa auze matofali, ukamsihi akuachie kwa kuwa halikuwa na dirisha hata moja. Akakutazama sana. "Huyu mtoto anatafuta giza la nini?" akamwuliza mama. Ulitafuta giza la saa nane mchana, la kupimia tochi. Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunaziba matundu ya paa kwa magunia, tunaning'iniza shuka jeupe juu, tunaweka simu yako kwenye kigoda ikiwa na ile programu ya kupima mwanga, na kando yake tunasimamisha tochi ikitazama juu. Mwanga unagonga shuka, unarudi chini, simu inasoma namba. Majirani walidhani tunafanya maombi mle ndani. Kuna mama alimwuliza mama yetu, kwa sauti ya chini, kama watoto wake wameingia dhehebu jipya.

Tulikuwa wanne, wapenzi wa tochi, kila mmoja akitaka yake ing'ae kuliko za wenzake. Mwalimu Chacha alitoka Ntimaru kwa pikipiki na tochi tatu mfukoni. Abdi wa duka la vifaa vya ujenzi alifika baada ya swala ya adhuhuri na sambusa za moto kwenye gazeti. Mimi fundi simu, mwenye solda na maneno mengi. Na wewe, umetoka chuoni na stashahada yako ya ufundi wa mitambo ya hospitali, unangoja kazi. Sisi watatu tulijua kushika vifaa. Wewe ulijua kwa nini kitu kinafanya kinavyofanya. Mtu akija na maneno ya kusikia, ulikuwa na jibu moja: "Wacha mdomo, pima."

Tochi yetu tuliichangia mimi na wewe. Ilipofika kutoka Nairobi nilifungua kijiboksi nikacheka. "Hii ndio tumengojea wiki mbili? Si hii ni lipstiki?" Ukaniambia nifumbe macho kwanza. Mimi ni mkubwa wako, siambiwi nifumbe macho, kwa hiyo ukaiwasha nikiitazama, nami nilikula chakula cha jioni nikiona madoa ya kijani kwenye ugali. Ulicheka mpaka mama akakufukuza mezani.

Ni wewe uliyetufundisha robo mzunguko. Kitufe cha tochi ile kiko ubavuni na ni chepesi, kikibanwa kidogo inawaka, na ikiwaka kwa nguvu zake zote ikiwa imegusana na nguo, inaiunguza, hiyo nguo utaisahau. Kwa hiyo kabla ya kuitia mfukoni au mkobani, unalegeza mkia wake robo mzunguko. Thredi za mkia, ile mistari ya kufungia, zimefunikwa na rangi nyeusi ngumu isiyopitisha umeme. Ukilegeza kidogo tu, umeme hauna pa kupita. Bonyeza utakavyo, haiwaki. Hata Chacha, asiyefundishwa na mtu, alizoea kulegeza kama watu wengine wanavyorudisha komeo la geti.

Sasa tochi ya Chacha ilikuwa inatushinda kwa mwanga, na unajua Chacha akishinda anavyokuwa. Tukaamua kuiongezea nguvu yetu. Uliishika kwa koleo nami nikachomelea waya wa shaba kwenye springi ya mkia ili umeme upite kwa urahisi. Namba ikapanda, lakini Chacha bado alikuwa mbele. Nikasema kuna watu hupiga msasa thredi mpaka aluminiamu ing'ae, na mwanga huongezeka. Ulinijibu bila hata kuinua kichwa.

"Springi iko sawa, bro. Lakini thredi usiguse. Hiyo rangi ndio inakata moto."

"Kidogo tu."

"Usiguse."

Jumamosi yake nilikuwa peke yangu kibandani na kipande cha msasa. Nilizipiga thredi zile mpaka zikang'aa kama sufuria ya mama. Kwa miaka nimejiambia nilifanya hivyo kwa ajili ya kumfunga Chacha mdomo. Si kweli. Nilikuonea wivu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye kaka, lakini mle bandani mtu akiwa na swali aligeuka upande wako. Nilitaka Jumapili moja tu wageuke upande wangu.

Wakageuka. Namba ilimpita Chacha. Abdi akapiga mluzi, Chacha akasema simu imeharibika. Wewe hukutazama simu, ulinitazama mimi.

"Umeifanya nini?"

"Nimesafisha tu."

Ni kama kumnyoa mtu kipara halafu useme umemchana nywele. Ukaniamini, kwa sababu mimi ni kaka yako, na kwa sababu ulikuwa na haraka ya kwenda kupiga pasi nguo zako. Jumanne ulikuwa na usaili Homa Bay, hospitali moja ilihitaji fundi wa mitambo. Walikuwa wameona barua yako na kuipenda. Kilichobaki ni kukuona uso na kuona vyeti halisi.

Ulivipanga vyeti kwenye faili ya plastiki, ukaviweka mkobani. Tochi ukaiweka humo humo, maana baada ya usaili ulikuwa uende kisiwani Mfangano kwa nyanya, ambaye taa yake ya sola ilikuwa imekufa. Mkoba ulikaa magotini mwako safari nzima. Karibu na Homa Bay ukasikia harufu ya kuungua ukadhani ni ya gari. Uliposhuka stendi ukaufungua. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikavishikanisha vyeti vyote vitatu, na katikati kuna tundu la duara la kahawia, limepita juu ya jina lako.

Uliniambia yule mama wa mapokezi alikuwa na huruma sana. Alivigeuza geuza. "Pole, binti yangu, lakini hivi hawawezi kuvipokea." Huko ndani hukuingia.

Hukwenda Mfangano tena. Ulirudi nyumbani ukaweka tochi mezani mbele yangu taratibu.

"Nilisahau kuzungusha," ukasema. "Naona kama nilizungusha, hata mkono unakumbuka. Lakini lazima nilisahau."

Jioni ile niliichukua nikaja nayo hapa kibandani. Nikalegeza mkia robo mzunguko, nikabonyeza. Ikawaka. Nikalegeza nusu, ikawaka. Nikaendelea kulegeza, nayo ikaendelea kuwaka karibu mpaka mkia ukatoka mkononi mwangu. Umeme ulikuwa unapita kwenye zile thredi nilizozing'arisha. Komeo nilikuwa nimeling'oa mimi, Jumamosi, na hakuna namna ungelijua hilo bila kujaribu. Nani hujaribu komeo la mlango wake kila siku?

Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa, Awino, na nilijua kila kitu. Ilihitaji sentensi moja. Nilisema nitakuambia asubuhi, asubuhi mama alikuwepo, mchana baba alikuwepo. Jumapili ikafika tukaingia bandani, na Chacha akakupa lile jina, "Madam Robo". Abdi akasema, kwa utani, labda tochi kali waachiwe wanaume. Ukacheka nao. Nikaona unavyocheka, mdomo tu.

Hapo ndipo nilipofanya baya kuliko la msasa. Nilikushika bega nikasema, "Wachaneni naye. Hata mimi nimewahi kusahau." Ukanigeukia, macho yamejaa maji, ukasema, "Erokamano, bro." Ulinishukuru. Shukrani ile nimeibeba mpaka leo na sijapata pa kuiweka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yaligeuka. Mkuu ndiye hakusikia, na guu lililovunjika likawa lako. Vyeti vipya ulivipata baadaye, lakini nafasi nyingine ilipotokea ulikataa kuandika barua. Mama alikubembeleza. Nilikuwa mlangoni ulipomjibu: "Mama, mtu wa kusahau robo mzunguko hafai kushika mashine ya oksijeni ya mtoto." Nikaingia, nikachukua maji ya kunywa, nikatoka. Hivyo tu. Mwezi uliofuata ulihamia kwa nyanya, ukaanza kununua na kuuza omena, dagaa wa ziwani, ukajitoa kwenye grupu letu la tochi kwenye simu bila kuaga. Banda la tumbaku sasa baba anafugia kuku.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenisindikiza miaka minne na kuvuka maji mpaka Mfangano.

Maana ningeendelea kunyamaza, nakiri, kama si ile ziara ya mwezi uliopita. Ulinipokea vizuri kupita stahili yangu. Ukanipikia samaki, ngege wa nazi ya pakiti, ukanitania kuhusu kitambi. Halafu tulipokuwa tunatoka kwenda kwa nyanya, ulifunga ghala lako la omena. Ulitia kufuli, ukalivuta. Tukapiga hatua kumi, ukarudi, ukalivuta tena. Tukafika kwenye njia, ukasimama. Nikaona aibu usoni mwako, aibu ya mtu mzima anayejua anachotaka kuomba ni cha kitoto.

"Bro, hebu niangalizie. Nimefunga?"

Nilirudi nikaangalia. "Umefunga," nikasema.

"Siku hizi siwezi kujiamini," ukaniambia. "Tangu ile siku ya Homa Bay. Mkono unaniambia nimefunga, lakini hata siku ile mkono uliniambia."

Wewe, uliyekuwa unatuambia tuache mdomo tupime. Wewe, ambaye mikono yako ilikuwa mitulivu kiasi kwamba ningeweza kuchomelea waya milimita moja kutoka kidoleni mwako bila wasiwasi. Nilitembea kando yako mpaka kwa nyanya nikikuongelesha habari za mvua. Kwenye boti ya kurudi Mbita nililia, na watu wakadhani nimetoka matangani.

Kwa hiyo nasema. Hukusahau. Ulilegeza mkia kama ulivyolegeza siku zote, na haukukata umeme kwa sababu nilikuwa nimeondoa rangi uliyonikataza kuigusa. Kazi ile uliikosa kwa sababu yangu. Jina la "Madam Robo" lilikuwa langu. Na miaka hii yote ya kurudi kulivuta kufuli, ni mimi niliyekupa.

Yote ya hapo juu niliyaandika juzi, nikayaweka pia kwenye grupu, neno kwa neno, kwa kuwa walikucheka mbele yangu na lazima wasome mbele yangu. Abdi hajaandika kitu, alikuja kibandani akasimama nje, akaniangalia, akaenda zake, kisha akarudi na kusema nimwombee msamaha kwa lile neno lake. Nimemwambia aombe mwenyewe, mimi mzigo wangu unanitosha. Chacha amepiga simu. "Na mimi ndiye nilimpa hilo jina," akasema, na huyo ni Chacha, ambaye sijawahi kumsikia akikubali kosa hata la hesabu.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakujua, utakimbilia kunisamehe ili nisihangaike. Tena nakujua zaidi ya hapo. Utasema, huyu bro ananidanganya ili nijisikie vizuri, kama alivyofanya siku ile bandani. Utakuwa na haki. Niliutumia uongo kukufariji, sasa ukweli wangu hauna thamani mbele yako.

Ndiyo maana usiamini hata neno moja la humu. Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni ile tochi, sikuigusa tena tangu jioni ile, thredi utaziona zinang'aa. Betri nimeitoa nikaifunga kando kwenye kitambaa, kwa sababu tochi hii haifungiki na sitaki iunguze kitu kingine cha mtu. Ningekuja nayo mwenyewe, ila ukiniona uso utanionea huruma kabla ya kupima. Ukitaka nije, piga simu, na safari hii sitasema kredo imeisha.

Ingia ghalani, funga mlango kuwe giza. Tia betri, kaza mkia mpaka mwisho. Kisha legeza robo mzunguko, kwa mkono wako ule ule, ielekeze ukutani, ubonyeze. Pima, Awino. Ikiwaka, basi Jumanne ile ulizungusha.

Msalimie nyanya, mwambie ile taa yake ya sola niliyoondoka nayo mwezi uliopita nimeitengeneza.

Ni mimi kaka yako,
niliyeshika msasa.